Mavumbi meusi ya gurudumu: maji ndiyo, hewa hapana



Kila siku katika mji wetu wa Likasi motokari zinaoshwa. Zinaoshwa Panda, zinaoshwa Kikula, zinaoshwa kando ya barabara kubwa inayotoka Lubumbashi kwenda Kolwezi. Kila mtu anapenda motokari safi, na hilo ni jambo jema. Mtu anasugua milango, anasugua vioo, na mwishoni anafika kwenye magurudumu. Pale anakuta mavumbi ya namna mbili. Ya kwanza ni mekundu: ni udongo wetu wa Katanga, tunaujua tangu utoto. Ya pili ni meusi, laini kama masizi ya chungu, yanashika vidole na hayatoki upesi. Hayo ni mavumbi ya freni, na ndiyo tunataka kuyazungumza leo.

Neno letu ni moja. Gurudumu liwe safi, lakini mavumbi meusi yaondolewe kwa maji. Yasipulizwe kwa hewa ya kompresa, yasipigwe kwa brashi kavu, yasikung'utwe kwa kitambaa kikavu. Garaji inayopuliza freni kwa hewa inaweka mavumbi ndani ya mapafu ya watu wake. Desturi hiyo imeenea sana, na imefika wakati ikome.

YANATOKA WAPI?

Freni, au breki kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, inafanya kazi kwa kusugua. Ndani ya gurudumu la mbele la motokari nyingi kuna diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Shofa akikanyaga, plaketi mbili zinaibana ile diski, moja upande huu na nyingine upande ule. Kwenye magurudumu ya nyuma ya motokari nyingi za zamani, na kwenye kamioni nyingi, kuna ngoma ya chuma badala ya diski, na vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vinaisukuma kutoka ndani. Kwa namna zote mbili kazi ni ile ile: mwendo wa motokari unageuzwa kuwa joto. Na kitu kinachosuguliwa kinalika. Plaketi inalika, diski nayo inalika kidogo. Kilicholika hakipotei, kinakuwa mavumbi.

Ndani ya mavumbi hayo kuna chuma, kuna kaboni, kuna gundi iliyoungua, na katika plaketi nyingi kuna hata shaba, ile ile tunayoijua sisi. Punje zinatoka zikiwa na joto, zinashika kwenye janti, halafu chuma kilicho ndani yake kinapata unyevu na kushika kutu. Ndiyo maana ukiacha gurudumu miezi mitatu bila kuliosha, utasugua mpaka mkono uchoke na madoa hayatatoka. Magurudumu ya mbele yanachafuka zaidi, kwa sababu motokari ikifunga freni uzito unakimbilia mbele, na freni za mbele zinabeba sehemu kubwa ya kazi.

Freni ya ngoma ina tabia nyingine. Mavumbi yake hayaonekani nje, yanakaa ndani ya ngoma kama unga ndani ya mkebe. Siku fundi anapoifungua, yote yanamwangukia kwa pamoja. Saa hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote.

Mtu atauliza: ni mengi kiasi gani? Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ambayo kwa mara ya kwanza inaweka mpaka kwa mavumbi ya freni. Kwa motokari ndogo nyingi mpaka ni miligramu 7 kwa kila kilomita. Tufanye hesabu yetu hapa. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 120. Motokari inayoshika sheria hiyo inaweza kuacha miligramu 840 kwenda, na 840 tena kurudi. Hiyo ni chini kidogo ya gramu 2. Usicheke hesabu hiyo. Inahesabu punje nyembamba tu, zile ambazo hazifiki sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko punje hizo mara tano na zaidi. Tena ni hesabu ya motokari ndogo na mpya. Kamioni iliyobeba shaba au kobalti kwenda Kasumbalesa ina uzito mwingine na freni nyingine.

Punje kubwa inakamatwa puani, unapenga, inatoka. Punje ndogo inapita pua, inapita koo, inafika chini kabisa ndani ya mapafu. Huko haina mlango wa kutokea.

SOMA GURUDUMU KABLA YA KULIOSHA

Kabla hatujafika kwenye ugonjwa, tuseme faida. Gurudumu ni kama ripoti ya freni. Mwenye kuliosha kila juma anaisoma ripoti hiyo, na mwenye kuliacha na tabaka la uchafu haoni kitu. Tazama mambo haya:

Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuwa na mavumbi karibu sawa. Moja likiwa jeusi sana na lenzake ni safi, kuna jambo. Pengine freni ya upande mmoja imekwama na inasugua wakati wote. Pengine ya upande wa pili haifanyi kazi kabisa. Motokari kama hiyo, siku ya kufunga freni kwa nguvu, itavuta upande mmoja.

Ukiona unyevu au utelezi upande wa ndani wa gurudumu, maji ya freni yanavuja. Motokari hiyo isitoke. Iitiwe fundi pale pale ilipo.

Ukiona mistari ya kutu inatoka kwenye nati za gurudumu, nati hizo huenda zimelegea. Ukiona ufa kwenye janti, hilo si jambo la kungojea mwisho wa mwezi.

Ukishuka baada ya safari na kusikia harufu ya kuungua kwenye gurudumu moja, au ukiona moja lina joto kuliko mengine, freni yake haijifungui.

Barabara yetu ina milima na kona, na kamioni zinafuatana mchana na usiku. Mwenye kuona uvujaji siku ya Jumamosi nyumbani kwake amejiepusha na kuuona Jumatatu nyuma ya kamioni ya tani 40.

AMIANTI, JIWE LENYE NYUZI

Sasa tufike kwenye jambo zito. Kuna jiwe lenye nyuzi kama pamba, linaitwa amianti, au asbesto kwa jina lingine. Halishiki moto na halikatiki upesi. Kwa sababu hiyo, katika sehemu kubwa ya karne ya 20 viwanda vya dunia vililitia ndani ya vitu vya kusugulia freni, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake. Freni zilifanya kazi vizuri, na watu wakafurahi.

Lakini uzi wa amianti ukiingia mapafuni unakaa. Unaleta ugonjwa wa asbestosi, ambao unakausha mapafu na kuyafanya magumu mpaka mtu anakosa pumzi kwa kupanda ngazi tatu. Unaleta kansa ya mapafu. Unaleta kansa nyingine ya ile ngozi nyembamba inayofunika mapafu, nayo ni mbaya sana, dawa zake ni chache. Kwa mvuta sigara hatari ya kansa ya mapafu inazidi tena maradufu, kwa sababu sigara na amianti vinasaidiana kuua.

Tena magonjwa hayo hayaji upesi. Yanalala miaka 20, miaka 30, hata 40. Kijana wa miaka 20 anayepuliza freni leo anacheka, ana nguvu, anabeba gurudumu la kamioni peke yake. Hesabu itamfikia siku anapongojea pensheni na wajukuu.

Dunia iliona jambo hilo pole pole. Mwaka 1986 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wake namba 162 juu ya usalama wa watu wanaotumia amianti. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikata shauri kuikataza, na nchi zake zote zilipewa mpaka tarehe 1 Januari 2005. Afrika Kusini, ambayo iliichimba miaka mingi, iliikataza mwaka 2008. Marekani ilichelewa mpaka 2024 kupiga marufuku ile namna nyeupe iliyokuwa bado inaingia nchini humo, hata katika freni. Shirika la Afya Duniani linasema namna zote za amianti zinaleta kansa, na kwamba watu zaidi ya 200,000 wanakufa kila mwaka kwa ajili yake.

Basi imekwisha? Hapana. Motokari za zamani na kamioni za zamani bado zinatembea. Na sokoni kuna vipuri vya bei ndogo ambavyo hakuna ajuaye vilitoka kiwanda gani. Kwa jicho huwezi kuitambua amianti ndani ya plaketi, wala kwa harufu, wala kwa mkono. Kwa hiyo kanuni ya mtu mwenye akili ni hii: mavumbi yote ya freni yahesabiwe kama yana amianti. Na kama hayana, chuma na shaba na gundi iliyoungua si chakula cha mapafu.

MGODI ULIJIFUNZA, GARAJI BADO

Sisi watu wa mgodi hatuna ruhusa ya kusema hatukujua. Nani asiyejua habari ya mavumbi ya mawe? Zamani, katika migodi ya dunia nzima, watu walitoboa mwamba mkavu. Mavumbi yalijaa handakini, na wachimbaji walikufa kifua wakiwa bado vijana. Dawa iliyopatikana ilikuwa maji. Mashine ya kutobolea ikatengenezwa ipeleke maji ndani ya tundu, na mavumbi yakawa matope pale pale yalipozaliwa. Leo mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi, Kipushi au Kambove, anajua kwamba mwamba unatobolewa kwa maji. Akiona mwenzake anatoboa pakavu, atapiga kelele.

Sasa tuangalie garaji. Fundi anafungua ngoma ya freni ya kamioni, anachukua mpira wa kompresa, anapuliza. Wingu jeusi linapanda mpaka kwenye mabati. Hakuna anayepiga kelele. Fundi mwenyewe anafumba macho na kugeuza kichwa, anadhani hiyo inatosha. Mwanafunzi wake, kijana wa miaka 17, anashika taa karibu ili baba fundi aone vizuri. Shofa anangojea mlangoni. Mama anayeuza bukari na samaki yuko hatua kumi pale nje, na sufuria yake iko wazi. Wingu halichagui kati ya watu hao. Punje nzito zinaanguka, nyembamba zinabaki hewani saa nyingi, na anayekuja kazini mchana anavuta mavumbi yaliyopulizwa asubuhi.

Je, mapafu ya fundi wa motokari yameumbwa kwa chuma? Kama maji yalimwokoa mchimbaji, kwa nini tumnyime mtu wa garaji? Nchini Marekani, tangu mwaka 1994, sheria ya kazi inasema wazi kwamba hewa ya kompresa isitumike kusafisha freni, na inaweka mahali pake chombo maalum cha kufyonza au njia ya kuloanisha. Kwa garaji ndogo zenye kazi chache za freni kwa juma, sheria hiyo inakubali hata chupa ya kunyunyizia maji. Tunasema tena: chupa ya kunyunyizia maji. Hakuna mtu Likasi atakayesema kitu hicho ni cha matajiri.

WANAOSEMA «LAKINI»

Tunajua maneno yanayosemwa garajini. Tuyajibu moja moja.

«Hewa ni upesi.» Ni kweli, hewa inamaliza kwa nusu dakika. Maji yanataka dakika tano. Kamioni yenye magurudumu kumi itakaa garajini chini ya saa moja zaidi. Mtu mwenye ugonjwa wa mapafu anakaa kitandani miaka.

«Maji ni haba.» Hilo tunalijua wote, tunaamka usiku kujaza mabidoni. Lakini freni moja haihitaji hata lita mbili. Ndoo moja, ikitumiwa kwa akili, inatosha magurudumu manne ya motokari ndogo. Tunaloomba ni unyevu tu, mto mzima hauhitajiki.

«Wazee wetu walipuliza na hawakufa.» Nani aliwahesabu? Ugonjwa unaokuja baada ya miaka 30 unamkuta mtu amekwisha kuacha kazi. Mzee anayekohoa kijijini kwake, nani atakumbuka kwamba alikuwa mtu wa freni? Watasema ni uzee, watasema ni kifua kikuu, wengine watamtafuta mchawi. Mti ulioliwa na mchwa unasimama mpaka siku ya upepo.

«Ninavaa kasheneze.» Kasheneze ya kitambaa inazuia mate na mavumbi makubwa, punje nyembamba zinapita. Ile yenye kichujio cha kweli ni nzuri, ivaliwe ikiwepo. Lakini kasheneze yako haimlindi jirani asiyekuwa nayo. Maji yanawalinda wote.

«Joto la freni linaua amianti.» Mwenye kusema hivyo amesikia nusu ya habari. Ni kweli kwamba joto linageuza sehemu kubwa ya nyuzi kuwa kitu kingine. Haligeuzi zote. Na fundi anayepiga tupa au msasa kwenye plaketi mpya ili iingie vizuri anatoa nyuzi ambazo hazijaona moto hata siku moja.

NAMNA YA KUOSHA MAGURUDUMU NYUMBANI

1. Acha gurudumu lipoe. Ukitoka safari ndefu, ngoja nusu saa na zaidi. Maji baridi kwenye diski yenye moto yanaweza kuipinda.

2. Soma ripoti ya gurudumu, kama tulivyoeleza juu.

3. Mwaga maji pole pole kabla ya kugusa kitu chochote. Mavumbi yalowe kwanza. Usianze na brashi kavu, usipige kwa kitambaa.

4. Tia sabuni kwenye ndoo ya pili. Ndoo na kitambaa cha magurudumu viwe vya magurudumu peke yake. Punje za chuma zilizobaki kitambaani zitakwaruza rangi ya milango yako.

5. Sugua kwa brashi laini, nje na ndani. Maliza gurudumu moja, lisuuze, ndipo uende kwa lingine, sabuni isikaukie juani.

6. Usitumie asidi ya batri: inakula janti za aluminiamu na kuchoma mikono. Usitumie esansi: inashika moto. Usitumie mazutu wala mafuta ili gurudumu ling'ae: tone moja likifika kwenye diski, freni haitashika.

7. Ukimaliza, endesha pole pole hatua chache na ukanyage freni kidogo kidogo ikauke. Freni iliyolowa inashika vibaya.

8. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya sigara, kabla ya kumbeba mtoto.

Fanya hivyo kila juma wakati wa kiangazi, na usidhani mvua inakufanyia kazi. Mvua inalowesha mavumbi bila kuyasugua, na kutu inaanza.

NAMNA YA KUFUNGUA FRENI GARAJINI

1. Wasiohusika waondoke. Mwanafunzi asimame upande upepo unakotoka.

2. Weka sinia au karai chini ya gurudumu.

3. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo kabla ya kutoa ngoma, kwenye nafasi zote zinazoonekana. Itoe pole pole, bila kuipiga nyundo mavumbi yakiwa bado makavu, na uendelee kunyunyiza ndani.

4. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Kitambaa kikichafuka kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki kingali kimelowa, mfuko ufungwe. Kisikaushwe na kutumiwa tena.

5. Maji ya sinia yasimwagwe kwenye mfereji. Yatiwe kwenye pipa la taka za garaji.

6. Chini pasifagiliwe pakavu. Papanguswe kwa maji.

7. Tupa, msasa na mashine ya kusaga visiguse plaketi kavu.

NGUO ZA KAZI NA MTO

Kuna watu wawili wanaosahauliwa. Wa kwanza ni mama wa nyumbani. Mume anarudi na ovaroli nyeusi, mama anaikung'uta nje ya mlango kabla ya kuitia majini, na watoto wako miguuni pake. Waganga wa nchi nyingi wamekuta wake wa watu wa amianti wakiugua magonjwa yale yale, nao hawakukanyaga kiwandani hata siku moja. Walifua nguo tu. Kwa hiyo ovaroli ya freni ibaki kazini. Ikibidi ije nyumbani, ije ndani ya mfuko, itiwe majini bila kukung'utwa, ifuliwe peke yake.

Wa pili ni mvuvi. Vijana wengi wanaosha motokari kando ya mito, kwa sababu huko maji hayalipiwi. Lakini maji ya mito Panda na Buluo yanakwenda Lufira, na Lufira inaingia ziwa Tshangalele, ambako watu wanavua samaki wanaokuja mezani kwetu. Huko Marekani, jimbo la California liliweka sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba ndani ya plaketi: isizidi sehemu 5 kwa mia tangu 2021, na nusu ya sehemu moja kwa mia tangu 2025. Sababu yake ilikuwa shaba ya freni iliyosombwa na mvua kutoka barabarani na kuumiza viumbe vya majini. Mito yetu imekwisha kubeba mzigo wake wa migodi na viwanda. Tusiiongezee wa magurudumu. Motokari ioshwe juu ya nchi kavu, mbali na mto na mbali na kisima.

NANI AANZE?

Wakubwa wa kazi waanze. Tunasema hivyo kwa heshima, lakini tunasema. Mtu wa chini hawezi kukataa mpira wa kompresa kama kapita anauliza kila robo saa kwa nini kamioni haijatoka. Amri itoke juu: mahali pa freni pasiwe na mpira wa hewa, pawe na chupa za kunyunyizia, karai, vitambaa na mifuko. Gharama yake yote kwa mwaka haifiki bei ya kamioni moja iliyolala siku moja. Mafundi wa freni nao wapimwe mapafu kwa radio, kama wachimbaji wanavyopimwa, na karatasi zao zihifadhiwe miaka mingi, kwa sababu ugonjwa huu unahesabu kwa miaka mingi. Kamati ya usalama ikipita garajini, isitazame kasike na viatu tu. Itazame na mabati ya juu. Yakiwa meusi, iulize kwa nini.

Mafundi nao wana sehemu yao. Mzee wa garaji ndiye mwalimu. Kijana hasomi kanuni iliyobandikwa ukutani, anasoma mikono ya mzee. Ukinyunyiza, atanyunyiza. Ukipuliza, atapuliza mpaka siku atakapokuwa mzee, kama atafika.

Na wewe mwenye motokari, unapoipeleka kwa fundi wa mtaani, usione haya kusema: «Baba, nakuomba uiloanishe kwanza.» Chukua chupa yako ya maji mkononi. Na yule kijana anayeosha motokari barabarani kwa franka chache, mwambie naye, maana hakuna mkubwa wa kazi anayemsemea.

Gurudumu linalong'aa linapendeza. Lakini lisiwe limeng'azwa kwa pumzi ya mtu.

LOANISHA KWANZA. SUGUA BAADAYE. USIPULIZE KAMWE.